Sika Barua

Jumapili ile nje ya kanisa pale Guildford, Mama Wanjiru alinishika mkono akaniuliza mbele yenu nyote: "Mwalimu, wiki nzima umepotea, na tunasikia ulienda Melbourne na Papa Dodo kupeleka karatasi. Karatasi gani hiyo isiyojua posta?" Mlicheka, nami nikacheka, lakini jambo lile halikuwa la kuelezwa kwa kusimama. Sasa nimekaa jikoni kwangu hapa Minto, chai iko mezani, na nitawaeleza polepole kama nilivyokuwa nikieleza mafungu ya hesabu kule Voi. Atakayepotea njiani arudi nyuma mstari mmoja ausome tena. Hakuna anayemkimbiza.

Ila nawaambia mapema, si hadithi ya kucheka mpaka mwisho.

Minto hadi kwa Mzee Leo

Safari ya Melbourne ilianzia kwenye treni ya asubuhi, miezi mingi kabla ya gari la Papa Dodo kuwashwa.

Mnakumbuka tulipofungiwa majumbani kwa korona, sisi wa upande huu wa jiji la Sydney tukawekewa masharti kuliko wengine. Mimi nilikuwa na barua ya kazi, hivyo nilipanda treni kila siku kwenda mashariki, karibu na bahari, kumtunza Mzee Leo, kazi niliyokuwa nayo tangu kabla ya korona. Behewa zima lilikuwa mimi na mama mmoja wa usafi. Hatukuzungumza hata mara moja, lakini siku akikosekana nilikuwa na wasiwasi kutwa.

Mzee Leo alikuwa Myahudi. Alizaliwa Ulaya, akapelekwa Kenya akiwa na miaka minne pamoja na dada yake Hanna na wazazi wao, wakikimbia wauaji. Walifikia shamba la mlowezi upande wa Eldoret, baba yake akapewa kazi ya kusimamia ng'ombe. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Kenya, aliinuka kidogo kwenye kiti akaniuliza, "Habari ya nyumbani? Masiwa iko?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo tulizungumza Kiswahili, changu cha darasani na chake cha zizini. Alisema "sida" badala ya shida, na "masiwa" badala ya maziwa. Nilidhani ni meno yake ya bandia. Nilimwambia mara mbili tatu tukayarekebishe, akasema meno yake hayana sida.

Juu ya kabati lake palikuwa na kopo la zamani la biskuti, picha yake imefutika kwa kushikwashikwa. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu. Ilikuwa nene, imekunjwa mara nne, wino wake umegeuka rangi ya chai, na herufi zake zinatoka kulia kwenda kushoto. Kila Ijumaa alasiri nilimshushia kopo, akafungua, akaangalia, akafunga.

"Barua ya baba," alisema.

Nyinyi mliokulia pwani mtaelewa haraka. Shehe akimaliza kumsomesha mwanafunzi, humwandikia ijaza kwamba huyu sasa ameruhusiwa kufundisha. Wayahudi nao wanayo yao. Rabi mkubwa humwandikia mwanafunzi wake kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo mwanafunzi naye ni rabi. Ukoo wa Mzee Leo ulikuwa wa wasomi, vizazi kwa vizazi. Baba yake aliipata ijaza yake akiwa kijana, akaibeba hadi Kenya, akafika nayo kwenye zizi la ng'ombe.

Mzee alikufa katikati ya kufungiwa. Siyo korona, moyo wake ulichoka. Mchana ule alikuwa na kifaa cha hewa puani na mdomoni, mimi nimevaa barakoa na ngao ya plastiki usoni. Aliinua kidole kuelekea kabatini. Nikalishusha kopo.

"Mwalimu," alisema. "Sika barua."

"Nimeshika, mzee," nikamjibu, na nikalikumbatia kopo kifuani aone.

Aliniangalia muda mrefu. Kisha akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Walikuja wanaume watatu wa chama chao cha kuzika, wapole sana ndani ya nguo zao za plastiki. Walimchukua. Kopo lilikuwa ndani ya mkoba wangu, kati ya chakula changu na mwavuli. Mazishi yalikuwa ya watu kumi, na mimi wa Minto sikuruhusiwa kwenda. Niliyatazama kwenye simu.

Wiki kadhaa baadaye mmoja wa wale watatu alinipigia kunishukuru. Katika kuzungumza akaniuliza kama mzee hakuacha maandishi ya zamani ya dini. Akanieleza, kwa upole, kwamba maandishi yao matakatifu yakichakaa hayatupwi wala hayachomwi. Huzikwa ardhini kama mtu. Na wengine hupenda kuzikwa pamoja nayo.

Niliagana naye nikabaki nimesimama na simu mkononi. Zika.

Je, Mzee Leo alisema shika, au alisema zika? Kati yetu palikuwa na hewa inayovuma, barakoa, plastiki, na yale meno. Kama alisema shika, nimefanya. Kama alisema zika, basi nilimnyima neno lake la mwisho huku nikimwambia "nimeshika, mzee", na amelala udongoni bila kile alichoomba.

Sikupata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, dada yake Hanna, karibu miaka tisini, katika nyumba ya wazee Melbourne. Kwenye simu hasikii vizuri. Binti yangu alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wetu, kwamba nipige picha nitume. Nikamwambia, mwanangu, mimi sitaki aione karatasi. Nataka aniambie kama nimekosa. Mipaka ya majimbo ilipofunguliwa na Papa Dodo akasema anakwenda kwa mdogo wake kule, nikamwomba nafasi.

Macquarie Fields hadi karibu na Gundagai

Papa Dodo mnamjua. Yule Mkongo wa Uvira anayefanya kazi ghalani, anayeimba besi mpaka madirisha yanaitikia. Alitoka kwake Macquarie Fields akanipitia asubuhi jua likichomoza. Mimi nilikuwa na mandazi na chupa ya chai, yeye na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, alilotiliwa na mkewe. Kopo nikaliweka kiti cha nyuma, nikalifunga mkanda.

"Mama Mwalimu," akasema, akilitazama kwenye kioo, "iyo kopo iko na mukanda kuliko miye. Iko na zahabu?"

"Iko na karatasi, Papa."

"Karatasi moya?"

"Moja."

Nilidhani atacheka. Akaendesha mpaka tukatoka nje ya jiji, kisha akasema, "Miye nilivuka mupaka na karatasi moya tu. Ile ya batizo. Nilikuwa nayo ndani ya sosheti, miezi mbili. Kila fasi wananiuliza, weye ni nani? Natoa karatasi kwa sosheti. Iko na arufu mubaya, lakini njo iliniitikia jina."

Nikamweleza habari ya shika na zika. Alisikiliza vizuri, akalipima neno mdomoni mara tatu nne, halafu akasema, "Ao alisema sikia? Sikia barua?"

"Papa, usiniongezee la tatu! Haya mawili yananitosha."

"Miye nasaidia tu!"

Tulicheka mpaka Goulburn. Na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa saa kadhaa, maana tulipokaribia Gundagai joto lilikuwa kama la Voi mwezi wa pili, na boneti ikaanza kutoa moshi. Rejeta imechemka. Tulisimama kando ya barabara, malori yakitupita na kututikisa. Papa Dodo akafungua boneti akaliambia gari maneno ya Kifaransa ambayo sidhani ni ya kanisani.

Mimi nililitoa kopo ndani ya gari lisipate joto, nikakaa nalo chini ya mti mwembamba wenye kivuli cha kuazima. Baada ya muda akaja mama mmoja mzungu kutoka shamba la ng'ambo, na gari la mizigo na madumu mawili ya maji. Alikuwa na kofia pana na mikono ya mtu aliyefanya kazi. Alimpa Papa Dodo maji, akaja kwangu, akaona ninavyolishika kopo.

Akavua kofia.

"Pole sana," aliniambia. "Ni mumeo?"

Sikumwelewa. Nikafikiri anamsema Papa Dodo. "Hapana, yule ni rafiki wa kanisani."

"Nauliza huyo," akasema, na kulielekezea kopo kidevu.

Ndipo nikaelewa. Wenzetu hapa wengi huchoma maiti na kuhifadhi majivu, na mama huyu alidhani nimepakata marehemu. Nikaona aibu kama kwamba nimedanganya. "Hapana, mama, ni karatasi tu. Karatasi ya mzee fulani."

Alinitazama kwa huruma ileile, kama mtu anayemwacha mfiwa aseme anachotaka. Akarudi kwake akatuletea kiti kimoja na pai mbili za nyama, za moto, na sosi ya nyanya. Papa Dodo alikula ya kwake na nusu ya yangu. Mama yule akakaa chini kwenye majani makavu, akaniambia kwamba mume wake yuko jikoni tangu mwaka uliopita, juu ya rafu, karibu na sukari. Watoto walikuwa Queensland na mpaka ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa, wakasema watakuja Pasaka.

"Usikae naye sana," akaniambia. "Mimi nimeshazoea kumwambia habari za asubuhi. Sasa hata wakija, sijui kama nitamtoa."

Nilitaka kusema tena kwamba ni karatasi. Badala yake nilimshukuru, nikarudi garini, nikalifunga kopo mkanda. Papa Dodo akaniuliza, "Alikuambia nini, yule mama?"

"Amenipa pole."

"Ya gari?"

"Ya gari, Papa, ndiyo."

Albury

Tulilala Albury kwa sababu rejeta ilitaka kupumzika na Papa Dodo pia. Asubuhi tukaanza kutafuta vipimo vya haraka vya korona. Nyumba ya wazee ilisema mgeni asiye na kipimo cha siku hiyo haingii, na mnakumbuka mwezi ule vipimo vilivyokuwa adimu kuliko unga wakati wa njaa. Duka la dawa la kwanza lilikuwa na karatasi mlangoni: hakuna. La pili: hakuna. Tulivuka mto tukaingia jimbo la Victoria: hakuna, wala msiulize. Kwenye duka la tano msichana wa kaunta alimwona Papa Dodo akiinua vidole viwili akasema kabla Papa hajafungua mdomo, "Samahani, baba, hata kimoja."

Niliwaza, nimefunga safari ya maili zote hizi nami nitasimama nje ya dirisha. Nikapiga simu kule nyumba ya wazee. Aliyepokea, kwa matamshi yake, nadhani ni Mfilipino. Alisikia sauti ya mtu wa kazi ileile. "Dada," akaniambia, "njoo tu. Ninacho kimoja kwenye droo yangu. Usimwambie mtu kwamba kimetoka kwangu." Basi nimewaambia nyinyi, lakini jina lake sijalisema.

Melbourne

Nilipewa kipimo, nikangoja dakika kumi na tano kwenye kiti cha plastiki uani, mstari ukatoka mmoja, sina korona. Nikavishwa joho, glavu, barakoa mpya na ngao. Papa Dodo alibaki nje. Mgeni ni mmoja tu, nusu saa. Kopo wakalipangusa kwa dawa mara mbili.

Bibi Hanna alikuwa mdogo mno kwenye kiti kikubwa. Alinitazama toka juu hadi chini na neno lake la kwanza likawa, "Umechelewa. Funga mulango."

Nikafunga.

"Lete kiti. Kaa hapa. Karibu na sikio hii."

Sijaamrishwa hivyo kwa Kiswahili tangu nyanya yangu afariki, na nyanya yangu alikuwa na haki. Kisha nikakumbuka alikojifunzia. Mtoto wa kizungu katika shamba la mlowezi alisikia Kiswahili cha kuamuru tu. Hakuna aliyemfundisha neno tafadhali. Nikaleta kiti.

"Wewe kabila gani?"

"Mtaita, bibi."

"Mimi Mnandi," akasema, na macho yake yakacheka juu ya barakoa. "Kiprono alisema mimi Mnandi. Kiprono wa ng'ombe." Halafu akaacha kucheka. "Leo alikufa na wewe?"

"Nilikuwa naye, bibi. Nilimshika mkono."

"Alisema nini?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Nikasema, "Nadhani alisema, shika barua."

"Hapana wewe nadhani. Sema vile yeye alisema."

Nikavuta pumzi, nikasema kama alivyosema, kwa sauti yake: "Mwalimu. Sika barua."

Bibi Hanna alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio mpaka nikaona machozi yakiingia ndani ya barakoa. "Kiprono!" alisema. "Hiyo Kiprono!"

Akanieleza, kwa Kiswahili chake na mikono yake. Baba na mama walikuwa na Kijerumani chao, na watoto wawili wakatafuta lugha ya siri ambayo wazazi hawataisikia. Wakaichukua kwa Kiprono, mchunga ng'ombe. Na Kiprono, kama Wanandi wengi wa wakati ule, alikuwa na sauti moja pale ambapo mimi na nyinyi tuna tatu, s, sh na z. Ndama akizaliwa: sika ndama, na Bibi Hanna akafumba ngumi. Mbwa akifa: sika mbwa, na akageuza kiganja chini, akakishusha polepole mpaka gotini. Mkono ndio uliotofautisha. Watoto wakaendelea hivyo maisha yao yote, hata kwenye simu kutoka Sydney.

Kwa hiyo halikuwa jino, ndugu zangu. Miaka mitatu nilimsumbua mzee wa watu na meno yake.

"Mkono wa Leo ulifanya nini?" aliniuliza.

Nilifikiri. Niliurudisha mchana ule kipande kwa kipande. Mkono mmoja ulikuwa na kifaa cha kupima hewa ya damu kidoleni, na ule mwingine nilikuwa nimeushika mimi.

"Nilikuwa nimeushika, bibi. Hakuweza kuuinua."

Saa ya ukutani ilikuwa kubwa, ya wazee, unaisikia. Niliwaza, basi ndiyo hivyo. Sitajua, na hakuna wa kunisamehe kwa sababu hakuna anayejua kama nimekosa.

"Fungua," alisema.

Nikafungua kopo nikamtandikia karatasi mapajani. Niliiweka juu chini, akaigeuza. Kisha akaanza kuvuta glavu walizomvisha. Kulikuwa na sharti kwamba vitu kutoka nje visishikwe kwa mkono mtupu. Kazi yangu ni hiyohiyo, mimi ndiye ninayewaambia wengine masharti. Nilimsaidia kuzivua.

Akasoma kwa kidole, kutoka kulia. Alisoma kwa Kiebrania kwanza, sauti ya chini, kisha akanigeuzia. Kwamba huyu kijana, mwana wa fulani, mwana wa fulani, amekaa mbele yangu na nimemwona. Kwamba usiku wake na mchana wake ulikuwa kusoma. Akafika katikati akasimama.

"Hapa. Yoreh yoreh. Yadin yadin. Neno mbili-mbili. Baba alisema ni mtu anauliza na mtu anajibu. Afundise? Afundise. Ahukumu? Ahukumu."

"Kama hodi na karibu," nikasema.

"Hodi na karibu," akasema, akalipenda.

Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kufundisha. Akatikisa kichwa. Alikamua ng'ombe tu. Mara moja Kiprono alimwuliza ile karatasi inasema nini, naye kwa Kiswahili chake kibovu akasema inasema mimi naweza kufundisha. Kiprono akasema, fundisha, basi. Baba akasema hakuna wanafunzi hapa. Kiprono akatazama huku na huku zizini, akauliza, na sisi? Baba yao aliingia ndani akafunga mlango, na hakutoka mpaka kesho yake. Watoto hawakujua kwa nini. Sasa alikuwa anajua, alisema, lakini imechelewa kumwambia.

Kidole chake kikafika chini kabisa, kwenye sahihi, mistari mitatu iliyoinama kama majani kwenye upepo.

"Hii mkono ya babu. Baba ya mama. Yeye mwalimu ya baba, yeye aliandika. Sisi tulipata nafasi nne. Yeye alibaki." Aligusa herufi moja moja. "Hapana kaburi. Hapana picha. Iko hii tu."

Ndugu zangu, ndipo nikamkumbuka mama yule wa Gundagai na kofia yake mkononi. Aliniuliza nimepakata nani, nami nikabisha. Alikuwa ameona sawa kuliko mimi.

Mlango ukagongwa: dakika tano. Bibi Hanna hakugeuka. Alikuwa ameiweka karatasi kifuani, na mikono yote miwili juu yake, na ngumi zimefumbwa. Nikadhani jibu ni hilo, na nikaanza kujiambia kwamba basi sikukosa. Kisha ngumi moja ikafunguka. Kiganja kikageuka chini, kikashuka polepole mpaka gotini.

"Babu amechoka kutembea," alisema. "Leo ako na kaburi. Ataingia kwa Leo."

"Bibi, una hakika? Ukiiacha imekwenda."

"Mimi nimesika sasa." Akanirudishia karatasi yeye mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Kopo baki nayo. Kopo ni biskuti tu. Na siku ya kazi ya kusika, mimi nataka kusikia. Simu hapa." Akaonyesha sikio lake lile zuri.

Nilipotoka, Papa Dodo aliniona uso. Alinifungulia mlango wa gari kama bibi harusi.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na visa. Rejeta ilitulia. Karibu na Gundagai tulipunguza mwendo pale penye mti mwembamba, lakini lango la shamba lilikuwa limefungwa. Niliacha kifurushi cha mandazi juu ya nguzo. Natumaini hayakuliwa na ndege.

Lidcombe

Makaburi makubwa ya Lidcombe mnayajua. Wengi wetu tumezika kule. Yule bwana wa chama cha kuzika aliyenipigia simu alinipokea langoni na jembe dogo. Kaburi la Mzee Leo halikuwa na jiwe bado. Wao husubiri karibu mwaka, kwa hiyo palikuwa na tuta na kibao chenye namba.

Aliiomba karatasi aione. Aliisoma amesimama juani, barakoa ikipanda na kushuka. Alipofika kwenye sahihi alirudia jina mara mbili.

"Mama," akaniambia, "unajua umebeba nini? Kuna makumbusho yangeishika hii kwa mikono miwili. Nikishaizika siwezi kuifukua. Una hakika?"

Nilisema ukweli, kwamba mimi sina hakika ya lolote tangu siku ile aliyokufa. Lakini mwenye sahihi ile ana mjukuu aliye hai, na mjukuu amesema. Akakubali kwa kichwa. Akaifunga kwa kitambaa cheupe, akachimba pembeni mwa tuta mpaka mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko.

Nikapiga simu Melbourne. Alipokea yule dada wa droo. Kulikuwa na ugonjwa ndani, akasema, Bibi Hanna amefungiwa chumbani siku tatu, hajaugua ila hana nguvu, hasemi sana. Alikuwa amevaa vazi kamili akamwekea simu sikioni. Nilisikia pumzi yake tu.

"Bibi, tuko hapa. Anaiweka sasa."

Bwana yule aliishusha. Akarudisha udongo kwa mkono, siyo kwa jembe. Kisha akaniuliza kama kuna neno. Mimi si wa dini yao, mnanijua, na mimi ni mwanamke wa Voi mwenye kopo tupu la biskuti. Lakini nilikuwa nimefundishwa neno moja, na mwalimu hawezi kuacha somo katikati.

"Yoreh?" nikauliza.

Yule bwana alinitazama ghafla. Kisha akajibu, taratibu, akiangalia udongo: "Yoreh."

"Yadin?"

Akafungua mdomo, lakini jibu likatoka kwenye simu, jembamba, kutoka chumba kilichofungwa: "Yadin."

Ndege mmoja mweusi na mweupe alikuwa akitembea juu ya makaburi kama mkaguzi. Bwana yule aliokota kokoto mbili, desturi yao kaburini, akaweka moja juu ya tuta, akanipa nyingine niweke mimi.

Simu ikakwaruza.

"Mwalimu," akasema Bibi Hanna. "Umesika?"

Kwenye simu mikono haionekani. Nilitazama kokoto juu ya udongo, na kopo lililokuwa kwapani kwangu.

"Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Nimesika."